Sensa ya usukani kwenye saspensheni ya umeme: tafuta ubovu kabla hujanunua kifaa

Malalamiko yanafanana. Taa ya saspensheni inapepesa kwenye dashibodi, gari limekuwa gumu au linalala kupita kiasi kwenye kona, na mashine ya gereji imetoa msimbo (namba ya kosa) unaotaja sensa ya usukani, kile kifaa kinachoiambia kompyuta usukani umezungushwa kiasi gani. Mwenye gari ananunua sensa. Inafungwa, msimbo unafutwa, kona mbili tatu mbele taa imerudi. Anaambiwa aliyouziwa ilikuwa mbovu, anatafuta nyingine.

Msimbo ule haujasema kwamba sensa imekufa. Umesema tu kwamba kompyuta haipati taarifa ya usukani, au inaipata na haiiamini. Kati ya sensa na kompyuta kuna umeme wa kuilisha, athi (njia ya umeme kurudi kwenye bodi na betri), soketi, nyaya, na usukani wenyewe ambao huenda umefungwa kombo. Kwa hiyo kazi nzima hapa chini inafuata swali moja: je, namba inayoonwa na kompyuta ndiyo ile ambayo usukani unafanya kweli?

Nimelenga Toyota zenye TEMS, yaani saspensheni ya umeme ya Toyota, kwa sababu ndizo zilizojaa kwetu: Prado ya 120, Crown, Mark II. Kwa Land Rover au Mercedes-Benz zenye saspensheni ya hewa utaratibu wa kufikiri ni huu huu, ila pini, rangi za nyaya na menyu za mashine ni tofauti.

## Andaa hivi kwanza

- Mashine ya kusoma misimbo inayoingia kwenye ABS (mfumo wa breki zisizojifunga) na saspensheni. Vile vidude vidogo vya Bluetooth vya bei ya chini vingi husoma injini peke yake, havitakufaa.
- Multimita ya dijitali.
- Waya mfupi wa kuunganishia pini.
- Spreya ya kusafishia soketi za umeme. Usitumie petroli, usitumie mafuta ya taa.
- Bisibisi, spana za soketi, na kifaa cha kuvutia usukani kama utafika huko.
- Tochi, karatasi na kalamu.
- Mchoro wa nyaya wa gari lako. Huu usiudharau. Rangi ya waya uliyoelekezwa na rafiki ni ya gari la rafiki.
- Mtu wa pili.

Usitumie taa ya majaribio yenye balbu kwenye nyaya za sensa. Balbu hunywa mkondo mkubwa kuliko ambao saketi ya sensa imeundiwa, na unaweza kuua kompyuta ukitafuta ubovu wa soketi.

## Jua gari lako lina sensa ya aina gani

TEMS za zamani zina kisahani chenye matundu kinachozunguka pamoja na fimbo ya usukani. Matundu yanapita mbele ya macho mawili ya mwanga, na kila jicho lina waya wake kwenda kwenye kompyuta ya saspensheni: kwenye michoro ya Toyota zinaitwa SS1 na SS2. Kompyuta inajua usukani unaenda upande gani kwa kuangalia jicho lipi limetangulia. Sensa hii haijui katikati ni wapi. Kompyuta inakisia kutokana na mahali usukani unapokaa muda mrefu gari likiwa linatembea.

Magari ya baadaye, hasa yenye VSC (mfumo wa kuzuia gari kuteleza), yana sensa yenye kompyuta yake ndogo. Inatuma namba ya digrii kupitia mtandao wa CAN, nyaya mbili zilizosokotwa pamoja. Taarifa hiyo hiyo inatumiwa na mfumo wa kuzuia gari kuteleza na pia saspensheni. Hili litakusaidia sana kwenye hatua ya 2.

## Hatua ya 1: Betri

Pima betri gari likiwa limelala usiku mzima. Unataka volti 12.4 hadi 12.7. Washa injini upime tena. Altaneta ikiwa nzima utaona takriban 13.8 hadi 14.5.

Sababu ni kwamba wakati wa kupiga stata, betri dhaifu hushuka mno, sensa inazimika kwa muda mfupi, kompyuta inaandika msimbo. Ukifuta, unarudi kesho asubuhi. Kama taa yako huwaka mara tu baada ya kuwasha gari lililolala, na ukizima na kuwasha tena inapotea, usiendelee na hatua nyingine mpaka betri na vichwa vyake viwe sawa.

## Hatua ya 2: Soma mifumo yote, si mmoja

Ingia kwenye ABS/VSC, kisha saspensheni, kisha mfuko wa hewa. Andika kila msimbo kwenye karatasi kabla ya kufuta chochote. Anayefuta kwanza ametupa ushahidi.

Kwenye Toyota, C1231 ni saketi ya sensa ya usukani. U0126 maana yake mawasiliano na sensa hiyo yamekatika kwenye mtandao. Kama huna mashine, Toyota nyingi zinakubali kuunganishwa pini ya 4 na ya 13 kwenye soketi ya OBD (ile inapochomekwa mashine ya misimbo) swichi ya ufunguo ikiwa imezimwa. Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa zinapepesa namba. Mipepeso mitatu, kituo kifupi, kisha mmoja, ni 31, yaani ile ile C1231. Taa ikipepesa haraka haraka bila kituo, hakuna msimbo.

Onyo: pini ya 16 kwenye soketi hiyo ina umeme wa betri muda wote. Hesabu pini mara mbili kabla ya kuchomeka waya.

Sasa soma picha nzima:

Taa ya saspensheni na ya VSC zimewaka pamoja, na misimbo yote inataja usukani? Uko mahali sahihi, endelea.

Taa ya saspensheni peke yake, VSC haina neno, na gari lako ni la mtandao wa CAN? Basi mara nyingi sensa ya usukani ni nzima. Angalia mota ndogo zilizo juu ya shokapu. Geuza swichi ya saspensheni toka COMF hadi SPORT, injini imezimwa na swichi iko wazi, huku mwenzako akisikiliza na kugusa juu ya kila shokapu. Mota ikiwa hai inatikisika kidogo au kutoa mlio mfupi. Iliyo kimya ndiyo ya kufuatwa.

Taa ya mfuko wa hewa nayo imewaka, na honi au vitufe vya usukani vimekufa? Shuku spairali kebo, ule utepe wa nyaya uliojikunja nyuma ya usukani. Kwenye magari mengi sensa imebanwa pamoja nayo, na aliyevunja kimoja mara nyingi amegusa na kingine.

## Hatua ya 3: Tazama namba ikitembea

Hapa ndipo ukweli ulipo, na ndipo mafundi wengi wanaporuka. Chukua muda.

Washa injini ili usukani uwe mwepesi, gari limesimama mahali tambarare. Kwenye mashine ingia ABS/VSC, fungua taarifa hai, tafuta mstari wa "Steering Angle". Nyoosha usukani. Kisha zungusha polepole, polepole kweli, hadi mwisho wa kushoto, rudi katikati, nenda hadi mwisho wa kulia. Ukifika mwisho usiung'ang'anize. Pampu ya usukani inaumia.

Sensa nzima inapanda bila kuruka mbali: 10, 11, 13, 15. Upande mmoja ni chanya, wa pili ni hasi. Mzunguko mmoja kamili wa usukani lazima utoe digrii 360. Magari mengi hufika kati ya 450 na 600 kila upande, na pande mbili zinakaribiana.

Ukiona tofauti, aina ya kosa inakuelekeza:

Namba haipo au imeganda kwenye namba moja. Sensa haina umeme, haina athi, mtandao umekatika, au kweli imekufa. Nenda hatua ya 5 na ya 6.

Namba inaruka mahali pale pale kila mara. Unazungusha, inafika 87, 88, halafu inaganda au inaruka hadi kwenye namba isiyo na maana, kisha inaendelea vizuri. Ukirudi nyuma inafanya hivyo hivyo pale pale. Weka kipande cha gundi ya karatasi kwenye usukani na kingine kwenye plastiki ya dashibodi uhakikishe. Kama ni pale pale kila mzunguko, hiyo ni sensa: kisahani kichafu, kilichopasuka, au jicho lililochoka. Hii ni hali mojawapo ambapo kununua kifaa ni halali.

Namba inaruka ovyo, leo hapa kesho pale. Soketi au waya. Mwache mwenzako ashike usukani bila kuuzungusha, wewe tikisa nyaya zilizo chini ya usukani, kisha pandisha na shusha nguzo ya usukani kwa kile kishikio cha kurekebishia. Nyaya hizo hupindwa kila dereva mpya anapojirekebishia kiti na usukani. Namba ikicheza wakati usukani umetulia, umepata.

Namba inatembea vizuri, ila haioneshi sifuri usukani ukiwa umenyooka. Hatua ya 4 ni yako.

Kila kitu ni sawa. Endesha gari kwenye barabara mbovu mwenzako akitazama skrini. Ubovu wa kuja na kuondoka hujitokeza kwenye matuta, mara chache sana ukiwa umesimama.

## Hatua ya 4: Je, sensa inasema kweli?

Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na msongamano na isiyoinama upande mmoja. Nyingi zimeinamishwa kidogo ili maji ya mvua yatiririke, na hiyo peke yake inakulazimisha kushika usukani kombo. Hakikisha upepo wa matairi ni sawa pande zote. Endesha mwendo wa kilomita 40 hadi 50 kwa saa. Mwenzako asome namba. Dereva asitazame skrini hata kidogo.

Gari linanyooka, usukani umenyooka, namba ni sifuri au imepishana digrii moja mbili: vizuri.

Gari linanyooka, lakini usukani umelala digrii 15 na namba inasema 15: sensa haina kosa. Inasema kweli kabisa. Kosa ni la alaimenti. Kompyuta inaona usukani umepindwa huku gari haligeuki, inaona taarifa hazipatani, inawasha taa. Dawa ni kurekebisha urefu wa tairodi (fimbo zinazogeuza matairi ya mbele) pande zote mbili kwenye mashine ya alaimenti.

Kuna njia ya mkato inayofanyika sana: kuvua usukani na kuurudisha ukiwa umenyooka. Siikubali. Macho yataridhika, lakini kama tairodi zimepishana, sehemu ya mbele haiko katikati ya safari yake, na unaweza kuzungusha spairali zaidi ya uwezo wake upande mmoja hadi ikatike. Ikikatika, mfuko wa hewa wa dereva hautafunguka siku ya ajali.

Gari linanyooka, usukani umenyooka, namba inasema 15: sifuri imepotea au sensa imefungwa vibaya. Thibitisha kwa hesabu. Chukua namba ya mwisho wa kushoto na ya mwisho wa kulia. Tuseme ni 545 na 515, ukiacha alama ya hasi. Tofauti ni 30, nusu yake ni 15. Katikati ya sensa imehama digrii 15. Kabla ya kulaumu sensa, uliza kama hivi karibuni gari lilifanyiwa alaimenti, lilibadilishwa reki, au lilivuliwa usukani. Jibu likiwa ndiyo, ruka hadi hatua ya 8.

## Hatua ya 5: Nyaya na soketi

Ili kufika kwenye soketi, fungua plastiki ya chini ya nguzo ya usukani. Kama hutavua usukani, zima swichi tu. Kama utavua, soma onyo la hatua ya 7 kwanza.

Tafuta kazi ya mikono ya watu. Kwenye magari yetu, chini ya usukani ndipo alamu, kifaa cha kufuatilia gari na swichi ya siri ya kuzuia wizi hufungwa. Fundi huyo alitafuta waya wenye umeme wa swichi, akauchuna katikati, akasokotea wa kwake, akazungushia tepu. Miaka mitatu baadaye gundi ya tepu imeyeyuka kwa joto, waya umelegea, na umeme wa sensa unapita kwenye nyuzi tatu za shaba zilizobaki. Kata kiungo hicho, lihimu upya, funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto.

Kisha chomoa soketi ya sensa, mulika ndani. Pini nzima inang'aa. Ukiona unga wa kijani au mweupe, maji yamefika: angalia kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa, kwa sababu gundi isiyoziba juu ya dashibodi huchuruzisha maji taratibu yakifuata nyaya. Safisha kwa spreya, acha ikauke kabisa, chomeka na chomoa mara kadhaa, kisha rudia hatua ya 3. Kuna magari yanaponea hapa.

## Hatua ya 6: Pima kwa mita

Umeme na athi. Chomeka soketi, ingiza ncha ya mita kwa nyuma ya soketi, pembeni ya waya, swichi wazi (imefunguliwa). Waya wa umeme uoneshe volti ya betri. Kisha weka mita kati ya waya wa athi wa sensa na kichwa hasi cha betri: usione zaidi ya volti 0.1. Ukipata nusu volti, athi ni mbovu, na kipimo cha kawaida cha "ina athi au haina" kisingekuonesha.

Sensa ya zamani, SS1 na SS2. Pima kwenye soketi ya kompyuta ya saspensheni, si kwenye sensa, kwa sababu unataka kuona kile kompyuta inachoona. Swichi wazi, zungusha usukani taratibu sana. Kila waya lazima upande na kushuka kati ya karibu volti 0 na karibu volti 5, tena na tena. Mmoja ukibaki palepale, toa kichwa hasi cha betri, chomoa soketi pande zote mbili, pima waya wenyewe: chini ya omu 1 ni mzima. Pima pia kama unagusa bodi. Waya ukiwa mzima, umeme upo, athi ipo, na bado jicho halifanyi kazi, basi ni sensa.

Sensa ya CAN. Toa kichwa hasi cha betri, pima omu kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi ya OBD. Omu 60 hivi ni sawa. Ukipata 120, mtandao umekatika mahali au kizuizi (resista) cha mwisho mmoja wa mtandao kimetoka. Ukikaribia 0, nyaya mbili zimegusana. Usipime omu betri ikiwa imefungwa, namba itakudanganya.

Mtandao ukiwa 60, umeme na athi vipo kwenye soketi ya sensa, na bado U0126 inarudi, pima mwendelezo wa nyaya mbili za CAN toka soketi ya sensa hadi pini ya 6 na ya 14. Zikiwa nzima, sensa haizungumzi. Sasa nunua.

## Hatua ya 7: Kubadilisha

Onyo kubwa: toa kichwa hasi cha betri na usubiri angalau sekunde 90 kabla ya kugusa mfuko wa hewa. Unakuwa na chaji iliyobaki. Ukishautoa, ulaze uso ukitazama juu, mbali na watoto na moto. Usiupime kwa mita kwa hali yoyote.

Nyoosha matairi ya mbele. Weka alama ya rangi kwenye fimbo na usukani ili vikutane pale pale. Tumia kifaa cha kuvutia. Usigonge usukani kwa nyundo, mshtuko huo ndio huvunja sensa.

Ukinunua ya mtumba, iwe ya maduka ya vipuri ya Shaurimoyo au Kirinyaga Road, au iliyotoka Sharjah kule Ghuba, linganisha namba yote iliyoandikwa juu yake na ya zamani. Za Toyota huanza na 89245, lakini tarakimu za mwisho ndizo zinazotenganisha gari na gari. Magari mengi ya Ghuba yana usukani wa kushoto. Kifaa kinaweza kufanana kwa macho kisifae.

Spairali usiizungushe ovyo. Kwenye Toyota nyingi, izungushe kwa mkono taratibu kinyume na saa hadi ikaze, kisha rudisha takriban mizunguko 2 na nusu hadi alama zikutane. Kaza nati ya usukani kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari lako.

## Hatua ya 8: Sifuri, kisha barabarani

Futa misimbo. Gari likiwa tambarare, matairi yamenyooka, hakuna abiria na hakuna anayefunga mlango, ingia kwenye menyu ya kurekebisha sifuri ya sensa kwenye mashine. Usiguse gari mpaka iseme imekamilika. Kisha endesha barabara iliyonyooka kwa zaidi ya kilomita 35 kwa saa kwa sekunde kadhaa bila kupinda. Magari mengi ya Toyota hujifunza katikati hapo.

Utajua umefaulu kwa haya: usukani ukinyooka namba ni sifuri au karibu nayo, mzunguko kamili unatoa 360, mwisho wa kushoto na wa kulia unakaribiana, taa zinawaka ukifungua swichi kisha zinazima, na kwenye kona ya mwendo wa wastani gari halilali kama zamani. Zima, acha usiku mzima, washa asubuhi, soma misimbo tena. Usipime ushindi siku ile ile.

Ikiwa namba ya usukani ni safi kila mahali na msimbo wa usukani unabaki kwenye saspensheni peke yake, ubovu umehamia kwenye kompyuta ya saspensheni au nyaya zinazoingia humo. Anza na fyuzi na athi ya kompyuta hiyo kwa kipimo kile kile cha volti 0.1, na nenda na karatasi yako ya vipimo kwa fundi umeme. Atakapoona namba hizo hataanza kwa kukuuzia sensa ya tatu.